Waya Ulioachwa Zizini

Hebu niambie wewe: ni mwizi gani wa shaba atakayeng'oa rodi ya ardhi, aondoke nayo, halafu auache waya wake wa shaba umelala hapo kama kamba ya mbuzi aliyetoroka?

Swali hilo ndilo lililomchutamisha Sajenti Eufrasia Limbu nyuma ya nyumba ya marehemu Mzee Bundala, mtaa wa Somanda, pale Bariadi. Alikuwa amevaa kitenge juu ya suruali yake ya kazi, maana huko mbele ya nyumba palikuwa na msiba, na hakupenda kupita katikati ya akina mama waliokaa mikekani huku amevaa kama mtu anayekuja kukamata. Waya ulikuwa mbele ya magoti yake. Ulitoka ukutani chini ya dirisha la jiko, ukatambaa kwenye nyasi, ukaishia kwenye udongo laini mweusi. Mwishoni mwake kulikuwa na kibano cha shaba, kile cha kuushikisha waya kwenye rodi, ile fimbo ndefu ya chuma inayopigiliwa udongoni. Rodi yenyewe haikuwepo.

Nyumba hii ilikuwa ya zamani. Mzee Bundala aliijenga enzi zile alipokuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na umeme wake aliuvuta wakati huo huo. Nyaya zilikuwa zimechoka. Ukizikunja, gamba lake linavunjika vunjika kama mkate mkavu. Mtoto wake wa mwisho, Sylvester, mwalimu wa sekondari, ndiye aliyeamua nyumba ifanyiwe wayaringi upya, na akampa kazi fundi Marcelo, kijana kutoka Bukoba. Marcelo alikuwa amemaliza vyumba na jiko. Swichi kuu ya zamani aliiacha kwanza ukutani, akisubiri mpya ije kutoka Mwanza.

Haijafika hiyo mpya, mke wa Sylvester, Lucy, akakutwa ameanguka jikoni. Ilikuwa asubuhi, sakafu imetoka kudekiwa, miguu mitupu, mkono mmoja umeungua pale uliposhika ubavu wa jiko la umeme. Mkaguzi wa umeme alikuja na kipimo chake, akapima, akasema maneno machache tu: nyumba hii haina ardhi, yaani umeme ukivuja hauna njia ya kushuka udongoni. Jioni hiyo hiyo Marcelo akawekwa ndani.

"Afande, mimi sioni cha kuumiza kichwa," alisema Koplo Paschal, aliyekuwa amesimama nyuma yake akijipepea na kofia. "Kijana kachomeka waya mtupu kwenye udongo, akafukia, akawaambia wenye nyumba kazi imekwisha. Mafundi wa hivyo tunao wengi."

"Njoo uchutame."

"Goti langu, afande."

"Chutama na goti lako."

Paschal akachutama akiguna. Eufrasia akakigeuza kibano juani ili aone ndani yake. Kwenye shaba ile kulikuwa na alama ya duara, imekwaruzwa na kung'aa, pale kilipokuwa kimeng'ata kitu cha mviringo.

"Hiki kimebana nini? Hewa?"

Paschal alikiangalia. "Basi rodi ilikuwepo."

"Ilikuwepo. Sasa iko wapi?"

"Wameiba, afande. Vijana wa skrepa. Siku hizi wanaiba hadi vifuniko vya mitaro."

Eufrasia alipapasa ule udongo. Palipokuwa na shimo pamefukiwa, tena pamepigwapigwa kwa kiganja pakawa sawa kama mtu anavyosawazisha ugali kwenye sahani. Pembeni kulikuwa na mawe matatu yamekaa karibu karibu. Juu ya udongo kulikuwa na ukoko mweupe wa unga wa mtama uliokaukia hapo, na kuku wawili walikuwa wakiudonoa.

"Unga wa msiba huo," Paschal alisema. "Wamemwaga wapishi."

Inawezekana. Eufrasia akainuka, akapangusa mikono.

"Mkuu anataka faili lini?"

"Kesho asubuhi linakwenda kwa wakili wa serikali. Akishalipokea, Marcelo ana kesi ya kuua bila kukusudia."

"Twende kwa Ndaki basi."

Ndaki alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na uwanja wake ulikuwa nyuma ya soko. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, na aliwahi kulala mahabusu mara moja kwa sababu ya nyaya za watu. Alipomwona Eufrasia aliinua mikono yote miwili kabla hajaulizwa.

"Sajenti! Karibu, dada yangu. Pekua, pindua, mimi siku hizi hata kijiko cha shaba sinunui. Mlinifundisha adabu."

"Sijaja kupekua. Nimekuja kuuliza bei."

"Bei?" Akashusha mikono. "Unauza nini, dada?"

"Mtu akikuletea rodi ya ardhi na waya wake, wewe moyo wako unakimbilia kipi?"

Ndaki alicheka hadi tumbo likatikisika. "Waya! Rodi ile ni chuma kimepakwa shaba juu, kama mkate uliopakwa siagi nyembamba na mama mbahili. Waya ndio shaba yenyewe."

"Na mtu akiacha waya, akachukua rodi?"

"Huyo si mwizi. Huyo anatafuta fimbo ya kuchungia." Akamtazama Sajenti usoni, kicheko kikaisha. "Ni ile nyumba ya mwalimu, siyo? Yule dada alikuwa anauza maandazi pale kanisani kwetu siku za harambee. Mwenyezi Mungu amlaze pema. Kwangu haijaletwa, Sajenti. Naapa kwa mama yangu."

Eufrasia alimwamini, si kwa sababu ya kiapo. Kile kibano hakikukatwa. Mwizi huwa na haraka, hukata waya kwa msumeno au kwa panga na kukimbia. Aliyeng'oa rodi hii alikichomoa kibano polepole juu ya ncha yake, akakiacha na waya wake, akafukia shimo, akalisawazisha. Alikuwa na muda. Wala hakuogopa kukutwa pale.

Mahabusu, Marcelo aliletwa kwenye chumba cha mahojiano. Macho yake yalikuwa yamevimba. Shati alilokamatwa nalo bado lilikuwa na vumbi la ukuta alioutoboa.

"Kaa, kijana. Umekula?"

"Haishuki, afande."

"Niambie ulipoiweka rodi."

"Nilishasema, mama. Nyuma ya jiko. Niliipigilia mimi mwenyewe kwa nyundo mpaka ikabaki kichwa tu. Nikasema wanitoe hapa nikawaonyeshe, hawataki!"

"Mimi nimeona. Ilikuwepo."

Kijana aliinua uso. Eufrasia akamwachia apumue.

"Kwa nini pale? Uwanja wote ule, kwa nini ulichagua pale?"

"Udongo, afande. Huku kwenu kiangazi ardhi ni ngumu, imepasuka nyufa, mguu unaingia. Nilijaribu kwenye kona ya choo, nikagonga mwamba. Nikajaribu mbele, hivyo hivyo. Nikazunguka nyuma kule penye duara la ua wa minyaa, nikakuta udongo mweusi, laini, una unyevu. Rodi inataka udongo wa namna hiyo. Iliingia kama kisu kwenye papai."

"Palikuwa na kitu juu yake?"

"Nyasi tu. Na mawe, matatu hivi. Niliyasogeza pembeni yasinizuie nyundo."

Eufrasia alikuwa ameegemea kiti. Akajivuta mbele.

"Uliyasogeza mbali?"

"Kama hapa na mlangoni. Niliyatupa kwenye minyaa."

Leo asubuhi mawe yale yalikuwa yamekaa karibu karibu, mahali pake. Mtu aliyatoa kwenye minyaa akayarudisha. Eufrasia alizaliwa Kiloleli, kwenye nyumba yenye ng'ombe wengi. Duara la minyaa, udongo mweusi wa samadi iliyokanyagwa miaka na miaka, na mawe yasiyo na saruji wala jina: hakuhitaji kuambiwa lile lilikuwa zizi, wala ni nani huzikwa ndani ya zizi lake. Mji ulipolisogelea boma, ng'ombe walipelekwa Nkoma kwa ndugu, boriti zikaoza, nyasi zikaota. Mwenye ng'ombe alibaki, amezikwa humo humo.

"Kwenu Bukoba kaburi mnalifanyaje?" aliuliza.

Marcelo alishangaa. "Tunajengea, afande. Saruji, chokaa, msalaba. Hata mgeni anaona."

"Na siku unapigilia, nani alikuwepo nyumbani?"

"Kaka Sylvester alikuwa shuleni. Dada Lucy alinipa chai, akaenda sokoni. Bibi, mama yake kaka Sylvester, alikuwa amekaa kwenye mlango wa nyuma, ananitazama. Nilimwamkia, hakuitika. Nikadhani Kiswahili hakipandi, au masikio yamechoka."

"Hakusema kitu?"

"Hata neno. Alijifunika kanga kichwani, akaingia ndani."

Eufrasia akauliza, "Na lile jiko la umeme?"

"Lile nilimwambia kaka Sylvester wazi wazi: jiko hili lina waya umechubuka ndani, linavujisha umeme kwenye bati lake. Likiwashwa, swichi kuu inakata. Inakata kwa sababu umeme unaovuja unapita kwenye waya wa ardhi, na swichi ile ya zamani inategemea waya huo peke yake. Nikasema msilitumie mpaka nilifungue. Alisema sawa, fundi."

Aliporudi Somanda, jua lilikuwa limeelekea magharibi na akina mama walikuwa wakiimba wimbo wa kanisani kwa sauti za chini. Mwili ulikuwa bado mochwari, maziko kesho. Sylvester alikuwa kwenye benchi chini ya ukuta, shati la juzi, ndevu zimechipua. Alimwona Sajenti akasimama.

"Bado mnazunguka? Muuaji si mnaye ndani?"

"Pole, mwalimu. Nina maswali mawili, sitakuchosha."

"Mke wangu yuko kwenye jokofu, na wewe una maswali mawili."

"Ndiyo, mwalimu. Ili nisije nikamfunga mtu asiye na kosa. Kaa."

Hakukaa, lakini hakuondoka.

"Lile jiko. Fundi alikwambia msilitumie?"

Sylvester alitazama chini. Akakwaruza ukuta kwa ukucha.

"Alisema. Tulikuwa tunaliwasha swichi inakata. Unainua, inakata. Tukaliacha. Halafu wiki iliyopita Lucy akajaribu tena, swichi ikatulia. Haikukata. Tukafurahi. Nikasema, unaona, imezoea. Tukaendelea kulitumia."

"Hukumwambia fundi."

"Nimwambie nini? Kwamba kitu kimeacha kusumbua?"

Eufrasia hakumlaumu. Swichi ile haikuwa imezoea. Ilikuwa imeziba masikio, kwa sababu waya uliokuwa ukiileta habari haukuwa tena na mahali pa kwenda.

"Siku ya kwanza kutulia ilikuwa lini?"

"Jumapili. Tulitoka misa tukala chakula cha mchana cha jiko hilo. Nakumbuka. Jumamosi yake lilikuwa bado linakata."

"Mlikwenda misa wote?"

"Wote, isipokuwa mama. Mguu wake ulikuwa umevimba." Uso wake ukageuka polepole kumwelekea Sajenti. "Kwa nini unauliza?"

"Mama yuko wapi?"

"Muache mama. Ana shida zake. Tangu kifo hajala."

"Nitamsalimia tu."

Bibi Kabula alikuwa kwenye chumba chake cha nyuma, amekaa kwenye mkeka na mguu mmoja umenyooshwa mbele, ungo wa choroko mapajani. Alikuwa akichambua. Dirisha lake dogo lilitazama minyaa. Eufrasia alivua viatu mlangoni, akapiga goti.

"Mwadila, mayu," alimwamkia kwa Kisukuma, kama anavyoamkiwa mama.

"Mwadila, mwanangu. Wewe wa wapi?"

"Wa Kiloleli, kwa Limbu."

"Kwa Limbu wa ng'ombe weusi. Nawasikia." Vidole vyake havikusimama. Choroko mbovu zilikwenda kushoto, nzima zikabaki. "Umekuja kwa ajili ya binti yetu."

"Ndiyo, mayu. Poleni."

"Tumeshapoa. Tutafanyaje."

Eufrasia akakaa kwenye mkeka, akachukua konzi ya choroko, naye akaanza kuchambua. Walichambua kwa muda, wimbo wa nje ukiisha na mwingine kuanza.

"Mayu, Jumapili walipokwenda kanisani ulibaki na nani?"

"Na kuku."

"Kuku hawashiki jembe."

"Kuku wa siku hizi usiwaamini."

"Baba Sylvester amelala wapi, mayu?"

Vidole vilisimama. Bibi Kabula aliuweka ungo chini kwa uangalifu, choroko zisimwagike. Alitazama dirishani.

"Umeona mawe," alisema.

"Nimeona mawe. Na unga wa mtama."

"Kichwa chake kiko pale penye mawe. Yule mtoto wa watu alikuja na chuma chake kirefu, akayatupa mawe kwenye minyaa, akapiga nyundo. Kila pigo nililisikia hapa." Akagusa paji la uso wake. "Nikasema labda watamwambia. Lucy akapita na kikapu, hakusema. Mwalimu akarudi jioni, fundi akamwonyesha, akasema safi sana. Safi sana! Pale pale, amesimama juu ya miguu ya baba yake."

"Mwalimu alikuwa bado mtoto baba yake alipozikwa."

"Alikuwa anatambaa. Kwa hiyo hajui? Nilimwonyesha mimi mwenyewe, alipoanza shule. Watoto wanasahau, wanajazwa mambo mengine kichwani." Akashusha pumzi. "Nikangoja Jumapili. Nikachukua jembe la mpini mfupi. Nilikaa chini, nikachimba nimekaa, mguu hauniruhusu. Nikakitikisa kile chuma huku na huku mpaka kikaachia. Nikayatafuta mawe. Nikamnyunyizia unga na maji, nikamwambia atusamehe, ni watoto."

"Chuma kiko wapi?"

"Uvunguni. Nimekifunga kanga. Ni mali ya watu, ningekitupaje?"

Eufrasia aliinama akaingiza mkono chini ya kitanda cha kamba. Kikatoka kitu kirefu, kizito, kimefungwa kwenye kanga mpya, isiyofuliwa hata mara moja, na kimefungwa vizuri, kama mtu anavyofunga mtoto mgongoni. Kwenye ncha, udongo mweusi ulikuwa bado umeganda. Akakilaza mkekani, akatoa simu, akampigia Paschal aliyekuwa nje.

"Mwambie mkuu faili la Marcelo lisiende popote. Rodi ninayo. Kijana alisema kweli." Akaikata simu kabla Paschal hajauliza.

Bibi Kabula alikuwa akimtazama.

"Mwanangu, nikuulize. Kile chuma kilikuwa kinafanya kazi gani? Mimi hakuna aliyeniambia."

Sajenti Eufrasia alikuwa amehoji wezi wa ng'ombe, wapigaji na waongo wa kila aina, na siku zote maswali yalikuwa yake. Hili lilikuwa lake kujibu. Aliutazama ungo, halafu akamtazama mwanamke yule machoni, maana alistahili kutazamwa.

"Umeme ukitoroka kwenye kitu chochote ndani ya nyumba, mayu, chuma hicho kinaupeleka ardhini. Na swichi ya ukutani inajua, inazima. Kikitolewa, umeme unabaki hapo hapo kwenye bati la jiko, unangoja mtu."

"Unangoja mtu."

"Ndiyo, mayu."

"Lucy alikuwa ananichemshia maji ya kuoga," bibi alisema. "Kila asubuhi. Alisema maji ya baridi yanaumiza mguu wangu. Mimi nilimwambia aache. Akasema, mama, jiko siku hizi halisumbui." Mikono yake ilikuwa imelala mapajani, viganja juu, mitupu. "Yale maji yalikuwa yangu."

Mlangoni kulikuwa na mtu. Sylvester alikuwa amewafuata, na hakuna aliyejua amesimama pale tangu neno gani. Alishika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili kama mtu aliye ndani ya gari bovu. Aliiona rodi juu ya kanga. Akamwona mama yake.

"Mama." Akaingia hatua moja. "Mama, kwa nini hukusema? Siku zote hizo. Ungeniita tu. Kwa nini hukuniambia?"

Huko nje wimbo uliisha, mtu akakohoa, sufuria ikagongwa. Eufrasia aliinuka kutaka kuwaachia nafasi, akaona mkono wa bibi umemshika kitenge, umemshika kwa nguvu, kwa hiyo akabaki.

"Mama, ulikuwa unataka nini?"

"Nilikuwa nakaa pale mlangoni kila siku," bibi alisema, polepole, kama anayetafuta njia kwenye giza. "Mnapita na nyaya. Mnapita na mabomba. Mnasema, mama tunakutengenezea nyumba, mama utakaa vizuri. Nami naitikia, wabeja, asanteni, wanangu. Nilitaka uniulize, baba. Basi. Useme, mama, tuchimbe wapi? Ningesimama na mguu wangu huu, nikaja mpaka uani, nikawaonyesha."